Paka na mtoto mchanga kwa nyumba moja: shida ikitokea, anza kuangalia wapi

Watu wengi wakiwa na paka na mtoto mchanga wanauliza swali moja tu, nimtoe ama nimwache. Hapo wameruka hatua. Paka aliyekuwa mpole miaka yote hawezi kuamka tu asubuhi aamue kukojolea shuka za mtoto, kuna kitu kilibadilika kwa hiyo nyumba na mara nyingi ni nyinyi mlikibadilisha bila kujua. Mlango uliokuwa unaachwa wazi kidogo usiku sahii unafungwa juu ya baridi, yule aliyekuwa anampa chakula ako kitandani anauguza mshono, wageni wamejaa sebuleni kutoka asubuhi mpaka saa mbili usiku, na besheni yake ya mchanga imesukumwa nyuma ya mtungi wa gesi. Ukipata hicho kitu kilichobadilika umepata karibu dawa yote. Hapa chini nimepanga kwa dalili, tafuta yako uruke zingine, isipokuwa hii ya kwanza ambayo kila mtu aisome kabla haijatokea.

Amemkwaruza ama amemuuma mtoto

Osha hapo na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko vile unadhani, mtoto atalia, wewe endelea tu kuosha. Usipake mafuta taa, usipake dawa ya meno wala majani, na usifunge kitambaa ukakaza. Alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kamkwaruzo hakakutoa damu.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia anashika na anaambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mtu anakufa. Chanjo ya baada ya kuumwa inapewa hata mtoto wa siku moja, hakuna umri mdogo sana, na ni sindano kadhaa kwa tarehe utakazoandikiwa, usiishie ya kwanza juu paka "anaonekana sawa". Uliza pia kama anahitaji ile sindano nyingine ya kuwekwa kwenye kidonda, hasa kama damu ilitoka. Kisumu wengi wanakimbilia Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia, lakini popote ulipo piga simu kwanza uulize kama chanjo iko, usije ukazunguka na mtoto kwa bodaboda hospitali tatu.

Sababu ya pili ni meno yenyewe. Jino la paka ni jembamba na refu, kwa nje unaona kitundu kidogo kimejifunga na unafikiri kimepona, kumbe ndani bakteria wameshapandwa chini kabisa, na kwa siku moja tu panaweza kufura na kuwa moto. Mtoto mchanga si mtu wa kungojea tuone kesho.

Na paka usimuue wala usimfukuze, hapa watu wanakosea sana. Fungia mahali salama muangalie siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya hizo siku daktari anaweza kusimamisha chanjo zilizobaki, lakini kama baba ya mtoto ameshampiga rungu na kumtupa shimoni, hakuna wa kuangaliwa tena na mtoto itabidi amalize zote.

Ukirudi nyumbani sasa ndio unauliza kwa nini. Paka kumvamia mtoto aliyelala tu ni nadra sana. Kawaida alishtuka, mkono wa mtoto uliruka ukampiga machoni, ama mtu alikuwa amemshikilia kwa nguvu karibu na mtoto apate picha ya status. Paka anayelazimishwa kukaa atatafuta njia ya kutoka na kucha ndizo njia yake. Mkate ncha za kucha kila baada ya wiki mbili hivi, ile sehemu nyeupe ya mbele tu, usifike kwenye nyekundu ndani juu hapo kuna damu na maumivu. Na chanjo yake mwenyewe ya kichaa apewe akiwa na miezi 3 kisha irudiwe kila mwaka. Kenya iko na mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kufikia 2030 na kaunti za huku kama Siaya na Kisumu ni kati ya zile zilitangulia, kwa hivyo mara kwa mara, haswa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, utasikia chanjo za bure. Mtaani watu wanapanga laini na mbwa peke yake, utadhani paka hawahusiki. Mbebe kwa kikapu chenye kifuniko umpeleke.

Anaingia kwa kitanda cha mtoto

Angalia analala upande gani kabla hujaanza kupiga kelele. Akijikunja miguuni ama ubavuni anatafuta joto. Akienda moja kwa moja usoni, ananusa mdomo, analamba kidevu, hiyo ni harufu ya maziwa, na mara nyingi ni njaa.

Kutafuta joto ni shida ya Nakuru kuliko Kisumu. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na kama unaishi Kiamunyi ama upande wa Menengai unajua usiku wa Juni na Julai vile unauma, sasa katika nyumba yote mahali penye joto kuliko pengine ni hapo mtoto amefunikwa. Mpe paka mahali pake pashinde hapo: katoni, sweta ya zamani ndani, na chupa ya maji moto uliyofungia ndani ya soksi nzito, uiweke juu ya kabati ama kiti cha mbali. Paka anapenda juu. Akiwa juu anaona wote na hakuna mtu anamkanyaga.

Kama ni njaa, jiulize nani anamlisha siku hizi. Mara nyingi ni mama ndiye alikuwa anamtengea, sasa mama anaamka usiku mara nne kunyonyesha, na kila mtu kwa nyumba anadhani mwenzake alimpa. Amua mtu mmoja, mpe chakula cha mwisho usiku kabla mtoto hajalazwa, na mpanguse mtoto mdomo na shingo akimaliza kunyonya. Maziwa ya ng'ombe si chakula cha paka mkubwa, wengi tumbo linawaendesha alafu ndio unapata kinyesi kwa kapeti. Omena ya kuchemshwa bila chumvi na ugali kidogo ni sawa kwa siku moja moja, matumbo yaliyoiva ni sawa, mbichi hapana, nitarudi hapo kwa wajawazito.

Hata ukifanya haya yote, mlango ndio unamaliza maneno. Mtoto wa wiki tatu hana nguvu ya kujinasua wala kusukuma kitu kilichomlalia, na paka wa kilo nne akijibanza shingoni anaweza kuziba pua bila nia yoyote mbaya. Paka na mtoto aliyelala hawabaki chumba kimoja bila mtu mzima aliye macho, na mtu mzima aliyelala hahesabiki. Mtoto mwenyewe alale chali, godoro gumu, bila mito na midoli na mablanketi matatu, ambayo ni mambo ya kliniki tu lakini pia paka hapendi sana kitanda kitupu kigumu.

Sasa najua wengi wako bedsita na hakuna mlango wa kufunga. Hapo fundi wa mbao ama wa waya anaweza kukutengenezea kizimba kikubwa, kile cha kuku kabisa kinatosha bora paka aweze kusimama, kugeuka, na kuwe na nafasi ya karai la mchanga upande mmoja na kitambaa upande mwingine. Anaingia usiku, anatoka asubuhi. Mzoeshe mapema, umlishie humo ndani mlango ukiwa wazi kabla hujaanza kuufunga, ukimfungia ghafla usiku wa kwanza atalia mpaka jirani agonge ukuta.

Kama mtoto hajazaliwa bado una bahati. Kitanda chake kikishanunuliwa kiweke mahali pake mwezi mzima mapema, ukijaze chupa tupu za soda. Paka ataruka mara moja mbili, zimgongegonge, aamue hapo si pa kulala.

Usimchape. Ukimchapa karibu na mtoto kitu anachojifunza ni kwamba huyu mtoto akiwa karibu mimi naumia.

Analala juu ya neti, ama ameirarua

Hii ni ya Kisumu, Busia, Homa Bay na kote malaria iko, na naona watu wanaichukulia mzaha. Neti ikining'inia kidogo inakuwa machela ya paka, anaruka kutoka dirishani anatua katikati, kitambaa kinashuka mpaka kwa uso wa mtoto. Na kila akipanda kucha zinaacha matundu. Tundu moja la kidole linatosha mbu kuingia, na kwa mtoto mchanga malaria ni hatari kubwa kuliko karibu kila kitu ambacho paka anaweza kumletea.

Angalia anarukia kutoka wapi. Kiti, meza ya tivi, dirisha lisilo na wavu. Ondoa hicho kiti kwanza. Kaza neti kwa kamba pembe zote nne, ichomeke chini ya godoro pande zote mchana pia, si usiku tu, manake akizoea kuingia mchana amejua njia. Zile neti ndogo za mwavuli za kuweka juu ya mtoto ni nyepesi sana, paka akiiegemea inaanguka, kwa hivyo zitumie ukiwa umekaa hapo. Tundu likitokea lishone leo na uzi wa kawaida tu.

Kuna upande mwingine ambao watu hawaufikirii. Neti za kliniki zina dawa ya kuua mbu ya jamii ya pairethroidi na paka ni mdhaifu sana kwa hiyo dawa kuliko mbwa ama sisi. Ikiwa kavu na imetundikwa, kwa kawaida haina neno. Shida ni ikiwa mbichi kutoka kwa paketi ama ikiwa imelowa. Neti mpya itundike kivulini saa 24 kabla ya kuitumia, na siku ya kuifua mfungie paka kwingine mpaka ikauke, na yale maji usiyaache kwa karai atakunywa.

Anakojoa kwa nguo na shuka za mtoto

Swali la kwanza: amesimama ama amechuchumaa? Akisimama, mkia juu unatetemeka, na mkojo unaruka kwa ukuta ama ubavu wa kabati, huyo anaweka alama, na kama ni dume ambaye hajahasiwa hiyo ndiyo sababu karibu kila wakati. Mpeleke ahasiwe, kwa wengi inapungua ama inaisha. Akichuchumaa na kuacha dimbwi, endelea kusoma.

Swali la pili: anaweza kutoka? Kwa ploti nyingi paka hana choo ndani kabisa, alikuwa anatoka dirishani usiku anajisaidia kwa shamba la jirani. Mtoto amekuja, dirisha limefungwa saa kumi na mbili juu ya mbu na baridi, sasa mlitaka aende wapi? Mwekee karai la mchanga ama maranda kina cha sentimita tano hivi, mahali pametulia, si karibu na chakula chake na si mahali wageni wanapita. Toa kinyesi kila siku. Kama lilikuwepo na likahamishwa, lirudishe lilipokuwa, alafu lisogeze kidogo kidogo.

Swali la tatu, na hili ni la haraka: anaenda mara nyingi, anajikamua, yanatoka matone ama hakuna, analia ama anajilamba huko chini sana? Kwa dume hiyo inaweza kuwa njia ya mkojo imeziba na anaweza kufa kwa siku moja ama mbili. Usimtafutie tabia, mtafutie daktari wa wanyama usiku huo huo. Mabadiliko ya nyumba yanaweza kuwasha kibofu cha paka hata bila mdudu yeyote, ndiyo maana hizi kesi zinatokea sana wakati kama huu.

Kama yote hayo ni sawa na bado anachagua nguo za mtoto peke yake, watakuambia ana wivu. Mimi siamini sana hayo ya wivu. Nguo za mtoto zina harufu mpya kali, ya mafuta, ya maziwa, ya sabuni ambayo haikuwahi kuwa kwa hiyo nyumba, na paka anaishi kwa pua, anapotishika anaweka harufu yake juu ya ile ngeni ndio atulie. Weka nguo kwa droo ama ndoo yenye kifuniko, usizirundike kwa kiti. Chukua kitambaa kikavu mpanguse paka mashavuni alafu upanguse miguu ya kitanda cha mtoto nacho kwa upande wa nje, hapo anakuta kitanda kinanuka yeye tayari.

Kusafisha: maji baridi kwanza, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, anika juani. Ile dawa ya klorini ya nguo nyeupe usiiguse, ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma kifua, na huyo mtoto analala chumba hicho hicho, na usithubutu kuichanganya na siki.

Amejificha, hataki kula, ama analia mtoto akilia

Kujificha siku mbili tatu za kwanza ni kawaida, mwache. Wageni wakiwa wengi mwekee chakula, maji na choo chumba kimoja chenye mlango ambapo watoto wa wageni hawaingii, juu paka wengi wanakojoa chini ya kitanda si kwa ubaya ila waliogopa kupita sebuleni. Lakini asipokula kabisa zaidi ya siku moja piga simu kwa daktari, paka asiyekula siku kadhaa, haswa aliye mnene, ini linaanza kuharibika.

Kuna wengine wanafanya kinyume, mtoto akilia wanakuja mbio, wanazunguka, wanalia pia. Kilio cha mtoto mchanga kwa sikio kiko karibu na cha mtoto wa paka, si ajabu kimshtue. Mtu akiwa na mimba acheze sauti ya mtoto analia kwa simu, chini sana, paka akiwa anakula, aongeze polepole wiki kwa wiki. Kama mtoto ameshakuja, muite paka pembeni na kipande cha samaki kila mtoto akianza, mpaka kilio kiwe ishara ya kuenda jikoni. Na baba ya mtoto, nafasi yako iko hapa: dakika kumi za kucheza naye na kamba kila jioni zinasaidia kuliko dawa nyingi.

Mtoto ametoka vipele

Hapa ndipo paka anahukumiwa bila kesi, kwa hivyo tuangalie vizuri.

Vipele vidogo vidogo vingi kwa shingo, makwapa na mikunjo, hali ya hewa ni ya joto na mtoto amevikwa nguo tatu na shali: hilo ni joto tu. Mvue. Vidonda vichache vimefura usoni na mikononi, sehemu zilizokuwa wazi: mbu, rudi kwa neti. Vimepangana kwa mstari na vinatokea asubuhi: inua godoro uangalie mishono na mbao za kitanda, tafuta vidoa vyeusi, hao ni kunguni na paka hahusiki kabisa.

Viroboto vinauma kwa makundi, viwili vitatu karibu karibu, katikati kuna kidoa chekundu. Mtoto mchanga hatembei kwa hivyo ushahidi mzuri uko kwa miguu yako wewe, kama vifundo vya miguu yako na vya dada wa kazi vinawasha, ni viroboto. Vaa soksi nyeupe ndefu utembee kwa kapeti na chini ya kitanda, utawaona wakiruka. Alafu mchane paka na kitana chembamba mgongoni karibu na mkia, ule uchafu mweusi uweke kwa tishu nyeupe yenye maji, ukigeuka mwekundu wa kahawia hiyo ni damu iliyomeng'enywa, kinyesi cha kiroboto.

Sasa kosa la kila mtu ni kukimbia agroveti kununua dawa ya mbwa, ama ile poda ya kuku, ama wanachovya kitambaa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Nyingi ya hizo zina pamethrini ama saipamethrini, na hizo zinaua paka. Anaanza kutetemeka, mate yanatoka, anashikwa na degedege. Ikishatokea muoshe haraka na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu umkimbize kwa daktari. Soma kibandiko, lazima iandikwe ni ya paka na uzito wake uwe unalingana, na kama muuzaji anakwambia "ni ile ile tu weka kidogo" toka hapo. Zile za matone ya shingoni ukishampaka asiguswe wala asikaribie mtoto mpaka pakauke. Paka mdogo sana usimpake kitu bila kuuliza, mchane tu na umuoshe.

Na dawa ya paka peke yake haitoshi juu viroboto wengi hawako kwa paka, wako kwa nyumba kama mayai na vibuu, kwenye nyufa za sakafu, chini ya mkeka, kwa matandiko yake. Fagia kila siku mpaka chini ya sofa na utupe taka nje mara moja, fua matandiko kwa maji moto, toa godoro na mikeka juani. Utaona wamepungua alafu baada ya wiki moja ama mbili wametokea wengine, usidhani dawa imekataa, hao walikuwa ndani ya kifuko ambacho dawa haipenyi na ndio wanaanguliwa. Endelea. Spre ya dudu usipige chumba cha mtoto akiwa ndani, na shuka zake ziwe nje ya hicho chumba.

Duara jekundu lenye kingo zilizoinuka, linawasha, na paka ana mahali pamenyonyoka nywele masikioni ama usoni: hiyo ni choa, na inatoka kwa paka kweli. Mtoto aende kliniki, ikiwa kichwani krimu haitoshi. Paka atibiwe wiki kadhaa na akae mbali na mtoto, na vitambaa vyake vya zamani vichome tu, vijidudu vyake vinadumu kwa nguo zaidi ya mwaka.

Chafya sizioni kama dalili ya paka, mtoto mchanga anapiga chafya kusafisha pua. Ila akihema mara 60 ama zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani, hataki kunyonya, ama joto la mwili limefika 37.5, hospitali sasa hivi, na usipoteze muda kujadili manyoya.

Mama bado ana mimba na ameambiwa paka wataharibu mtoto

Kuna ukweli hapa lakini umepotoshwa. Mdudu anaitwa toksoplazma, na hatari ni kwa mama anayeupata mara ya kwanza akiwa mjamzito. Paka anaupata akila panya ama nyama mbichi, alafu anautoa kwa kinyesi wiki moja mpaka tatu hivi, na kwa kawaida ni mara hiyo moja. Kinyesi kibichi cha leo hakijaanza kuambukiza, kinahitaji siku moja mpaka tano. Ndiyo maana kutoa kinyesi kila siku kuna maana, na ndiyo maana mtu mwingine afanye hiyo kazi, si mjamzito. Kama uko peke yako vaa glavu uoshe mikono na sabuni.

Kumshika paka si ndiko watu wengi wanapatia. Wanapatia kwa nyama choma ya damu damu, kwa kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri, kwa kulima bila glavu, na kwa kula udongo, na najua wako wengi hapo sokoni wananunua udongo wa kutafuna kwa mfuko wakiwa na mimba alafu wanamfukuza paka. Kunyonyesha baadaye hakuna shida. Paka apewe vyakula vilivyoiva, na dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Nyanya ya mtoto anasema lazima atoke

Huyu hubishani naye, umemkaribisha aje akusaidie. Atakwambia paka anavuta pumzi ya mtoto. Mwonyeshe mpango: "Mama, usiku analala kule kwa kizimba, mlango umefungwa, na hiki ndicho cheti chake cha chanjo." Wengi hapo wanatulia, walikuwa wanataka kujua kama umefikiria. Na kama ni mtu wa boma atakumbuka mwenyewe kwamba panya nao huguguna vidole vya mtoto vyenye harufu ya maziwa. Usimtoe paka alafu ujaze nyumba dawa ya panya, hiyo mtoto ataikuta chini ya kochi akianza kutambaa.

Ikibidi atoke kabisa, kama amejaribu kuuma zaidi ya mara moja bila kuchokozwa, ama nyumba ni ndogo na hamna jinsi, mtafutie mtu unayemjua, umpeleke na karai lake, kitambaa chake na cheti. Kumfunga kwa gunia umwage soko la Kibuye si kumtoa, ni kumuua polepole.

Mtoto ameanza kutambaa

Karibu miezi saba, nane, kila kitu kinageuka, sasa ni paka ndiye anahitaji kulindwa. Karai la mchanga lipande mahali mtoto hafiki, ama ulikingie na katoni iliyokatwa mlango mdogo juu. Bakuli la chakula cha paka usiliache sakafuni, mtoto atakula omena yake, na paka akisumbuliwa akiwa anakula atakwaruza. Mfundishe mtoto kupapasa kwa kiganja kilicho wazi ukimshika mkono, mkia na masikio hapana, na ukimuona paka amelaza masikio nyuma na mkia unapigapiga chini, mwinue mtoto kwanza.